Barua kwa Shangazi: Watoto wa klabu wasome nini, na waongee nini?

Tangu niliposimulia hapa habari za klabu ya vitabu tunayoiendesha Jumamosi asubuhi barazani, Ngamiani, Tanga, barua zinamiminika. Nafasi yote ya toleo hili nimewapa wenye maswali ya aina hiyo. Mlioniuliza habari za ushairi, nivumilieni mpaka mwezi ujao.

*Shikamoo Shangazi. Nimekusanya watoto kumi wa mtaani kwetu, wa darasa la tatu hadi la sita. Nimekuwa nikiwasomea vijitabu vya picha vinavyokwisha kwa kikao kimoja, lakini wale wakubwa sasa wanaviona vya kitoto. Nataka kuwaingiza kwenye hadithi ndefu zenye sura. Dukani wananionyesha vilivyoandikwa nyuma kwamba kitabu kinafundisha utii, au kinafundisha usafi. Watoto wakisikia hivyo wanapiga miayo. Nichague kwa kigezo gani? Na nakala kumi nitazipata wapi?*
Mama wa Morogoro

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuwafungulia watoto wa wenzio mlango wako.

Hayo maneno ya nyuma ya jalada usiyajali. Mimi nikishika kitabu dukani nakifungua katikati, nasoma kurasa mbili tatu nimesimama hapo hapo, na ninachotafuta ni kimoja tu: je, humu ndani yuko mtu anayefanya jambo ambalo watoto wangu watalibishania? Kitabu kinachowafanya wote waitikie "ndiyo Shangazi" mtoto na akisome peke yake kabla ya kulala. Cha klabu sharti kiwagawe.

Chukua *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, mwana wa Tanga, kilichotoka mwaka 1952. Mfalme Rai anapata habari kwamba Adili, anayetawala Janibu chini yake, ana manyani wawili. Kila usiku huwapiga mjeledi, kisha huwabembeleza kwa machozi na kuwalisha. Baadaye tunaambiwa manyani wale ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa mabaya waliyomtendea, hata kumtupa baharini. Tulipofika hapo, baraza lilichafuka. Binti mmoja wa darasa la tano alisimama kabisa: "Kama anawaonea huruma mpaka analia, kwa nini asiache kupiga?" Mvulana aliyekaa karibu na mlango akamjibu kwamba Adili naye ameamriwa, hana hiari. Wa tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema kaka yake akimtupa baharini yeye hamsamehi mpaka kiama. Hapo sikuwa nimeuliza swali hata moja.

Kiswahili cha kitabu hicho ni kizito kwa mtoto wa darasa la nne, sikufichi. Lakini ni kitabu chembamba, na mimi hukisoma mwenyewe kwa sauti huku wao wakifuatisha kwa macho. Neno gumu nalieleza kwa maneno mawili, halafu tunaendelea. Ukisimama kila mstari kufafanua, hadithi inakufia mikononi.

Kwa wadogo wako wa darasa la tatu na la nne ningeanza na *Mwana Mdogo wa Mfalme*, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Mfaransa Antoine de Saint-Exupéry cha mwaka 1943. Kwetu kimechapishwa na Mkuki na Nyota. Kina sura 27, nyingi fupi mno, kwa hiyo hata mtoto anayesoma polepole anaonja raha ya kusema "nimemaliza sura". Kabla hujafungua sura ya pili, wagawie karatasi na uwaambie kila mmoja achore kondoo. Ndipo usome. Rubani ameanguka na ndege jangwani, anatokea mtoto asiyejulikana alikotoka, anamwomba amchoree kondoo. Wa kwanza mtoto anamkataa, anasema anaumwa. Wa pili ana pembe. Wa tatu mzee. Rubani anachoka, anachora sanduku na kumwambia kondoo wako yumo humo ndani, na mtoto anafurahi. Watazame watoto wako wakati huo, kila mmoja na kondoo wake mkononi. Kwetu nusu walisema rubani amemdanganya mtoto mdogo, na nusu walisema sanduku ndiye kondoo bora kuliko wote kwa sababu hawezi kuzeeka. Mwisho wa kitabu nao una ubishi mkubwa zaidi, lakini sikutajii.

Kuhusu ugumu, kipimo changu ni hiki: mpe mtoto wa katikati, yule asiye hodari sana wala asiye dhaifu, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama maneno matano au zaidi, kitabu hicho ni cha kusomewa, bado si cha kusoma mwenyewe. Angalia pia ukubwa wa herufi na urefu wa sura. Sura isiyomalizika kwa robo saa ya kusoma kwa sauti itawachosha wa darasa la tatu. Na usiogope kugawa kundi. Mtoto wa miaka minane na wa miaka kumi na miwili hawacheki mambo yale yale.

Nakala kumi huzihitaji. Tatu zinatosha, watoto watatu au wanne wakikaa kwa kila kitabu na kupokezana aya, na kitabu kikabaki kwenye klabu kisiende nyumbani. Tafadhali usikitoe kitabu kizima fotokopi. Mwandishi wa vitabu vya watoto hapa kwetu hapati kikubwa, na hicho kidogo ndicho tunachomnyang'anya. Nenda maktaba ya mkoa, jitambulishe, waeleze unachofanya. Ukipata safari ya Dar es Salaam pita Maktaba Kuu ya Taifa, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, uone sehemu yao ya watoto. Halafu mwombe mwalimu mkuu wa shule ya jirani akufungulie kabati. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991 wakati vitabu vya watoto vilikuwa adimu kweli, ulisaidia kuchapisha na kufikisha shuleni vitabu vingi vya Kiswahili, na ninazijua shule ambako vingine bado vimefungwa kwa kufuli, havijaguswa.

*Hujambo Shangazi? Mimi ni mwalimu Kilifi, nafundisha gredi ya tano na nina kilabu cha usomaji baada ya vipindi. Kusoma wanasoma vizuri. Tatizo ni mazungumzo. Nikiuliza swali wananijibu kana kwamba ni ufahamu wa mtihani: "Funzo tunalopata ni kwamba tusiwe wachoyo." Kisha kimya. Niwafungueje?*
Mwalimu, Kilifi

Sijambo mwalimu mwenzangu. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kwa hiyo sauti hiyo ya "funzo tunalopata" naijua. Watoto hawana kosa. Wamejifunza kwamba mtu mzima akiuliza juu ya hadithi, anataka sentensi moja iliyonyooka ili aweke alama ya vyema. Wakishampa, kazi imekwisha.

Kwa hiyo swali la funzo liache darasani, linakoulizwa kwa haki yake. Kilabuni uliza juu ya tendo. Nikupe mfano wa hadithi ambayo hata wewe ulisimuliwa, ya Abunuwasi na sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo, anasema sufuria yako imezaa. Jirani anapokea vyote viwili, anashukuru. Safari nyingine Abunuwasi anaazima tena, na hairudishi. Anamwambia jirani, pole, sufuria yako imekufa. Jirani anapiga kelele: sufuria hufaje? Naye anajibiwa: iliyoweza kuzaa, kufa itashindwaje?

Ukiuliza funzo, utaambiwa tusiwe na tamaa, na kikao kimefungwa. Badala yake uliza: jirani alikosea lini? Alipopokea kisufuria? Alipoazimisha mara ya pili? Au hakukosea popote? Mpe kila mtoto nafasi ya kuonyesha jibu lake kwa miguu kabla ya mdomo. Wanaosema Abunuwasi ni mwizi wasimame upande wa dirisha, wanaosema jirani amejitakia wasimame upande wa ubao, na anayebadili mawazo anaruhusiwa kuvuka wakati wowote bila kuchekwa. Mwenye haya, ambaye hangesema neno, ameshasema kwa kusimama. Kisha anza na upande wenye watu wachache. Hilo ni muhimu, maana upande wenye watu wengi ukianza, wachache watauhama.

Mtoto akidai jambo, mwambie: "Umeliona wapi? Tusomee." Arudi kwenye ukurasa, atafute mstari, ausome kwa sauti. Hapo ndipo watoto wanapogundua kwamba wamesoma jambo ambalo halikuandikwa, na ubishi unapata miguu ya kusimamia. Mvulana mmoja wa kwetu alishikilia kwamba mhusika fulani alikuwa mnene. Tulitafuta kitabu kizima, hakuna. Alikuwa amemchora mwenyewe kichwani. Wenzake walitaka kumcheka, nikawauliza wao wanamwonaje, na kila mmoja alikuwa na sura yake.

Ukishauliza, nyamaza. Huu ndio ugumu wetu sisi walimu. Tunauliza, tunahesabu moja mbili, tunajijibu. Hesabu polepole mpaka kumi moyoni, uangalie chini, usiwaangalie machoni. Mara nyingi kwenye saba au nane mtu anakohoa na kuanza. Na yeye akimaliza usiseme "vizuri sana", kwa sababu wengine wataelewa kwamba jibu limeshapatikana. Sema "haya", umgeukie mwingine.

Jambo la mwisho kwako, na nalisema kwa msisitizo: usifunge kikao kwa hukumu yako. Waende nyumbani hawajakubaliana. Bibi zetu waliosema "paukwa" na tukaitikia "pakawa" hawakutuuliza funzo mwishoni. Hadithi iliishia pale ilipoishia, nasi tukalala tunaiwaza.

Ukiwa na kundi la wakubwa, wa miaka kumi na miwili kwenda juu, watafutie *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kilichochapishwa mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi. Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake wanaanza kuuliza maswali. Zikibaki sura chache, funga kitabu. Kila mtoto aandike kwenye kikaratasi jina la anayemshuku na sababu moja iliyomo kitabuni, atie kwenye kopo, ufunge mfuniko. Siku ya mwisho mnafungua na kusoma vikaratasi vyote, hata vilivyokosea, maana sababu za waliokosea mara nyingine ni nzuri kuliko za waliopatia.

*Shangazi, nina hasira kidogo. Binti yangu wa miaka 13 amekuja na "Watoto wa Mama N'tilie" kutoka kwenye klabu. Baba mlevi, watoto wamefukuzwa shule, dampo, madawa ya kulevya. Hakuna vitabu visafi mpaka mwape watoto haya?*
Baba, Dodoma

Pole baba, na nashukuru umeandika badala ya kumkataza binti kimya kimya. Mzazi ana haki kamili ya kujua mtoto wake anasoma nini, na klabu iliyompa kitabu hicho bila kukuambia haikukutendea sawa. Mimi kila kitabu kipya nawaeleza wazazi kwa sentensi tatu nne kilichomo, pamoja na yale mazito, kabla hatujaanza.

Kitabu chenyewe nitakitetea. Kimeandikwa na Emmanuel Mbogo, kikachapishwa mwaka 2002, na kimekuwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari zetu, kwa hiyo binti yako huenda angekutana nacho hata bila klabu. Kwa mtoto wa miaka tisa nisingempa. Kwa miaka 13, ndiyo, mtu mzima akiwa karibu. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa sababu wazazi hawana cha kulipia mahitaji ya shule, mama anahangaika na biashara yake ya chakula, baba anakunywa. Dar es Salaam hiyo mwandishi hakuizua.

Katika kundi lolote la watoto kuna wanaoijua hali hiyo kwa kuiishi, na hawajasema kwa mtu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kusema "baba yangu akilewa naogopa". Lakini kumsemea Zita anaweza. Nimemsikia binti akieleza kwa undani mno kwa nini Zita hawezi kumjibu baba yake, na nilijua, na hapana shaka naye alijua kwamba najua. Sikumuuliza kitu. Hii ndiyo sheria pekee ambayo kwenye klabu yetu haina mjadala: hakuna anayeuliza "na nyumbani kwenu je?" Tunamzungumzia Zita, basi. Mtoto akitaka kusema zaidi, atakuja mwenyewe baada ya wenzake kuondoka, na hapo unamsikiliza faragha, humwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kama kuna hatari unawaona ustawi wa jamii, au unapiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Uangalifu huo huo nauweka kwa *Takadini* cha Ben Hanson. Sekai anazaa mtoto mwenye ualbino, kijiji kinataka mtoto auawe kama desturi inavyodai, naye anamfunga mgongoni na kutoroka. Kwa nchi iliyoona yaliyowapata ndugu zetu wenye ualbino, ni kitabu ambacho vijana wetu wanapaswa kukisoma. Lakini kama katika kundi lako yuko mtoto mwenye ualbino, mwone mzazi wake kwanza, halafu mwone mtoto mwenyewe, na wakisema hapana, chagua kingine bila kuwaambia wengine kwa nini.

Nakuomba jambo moja, baba. Kisome. Halafu muulize binti yako anamwonaje Peter. Hata mkipishana, mtakuwa mmezungumza.

*Assalaam aleikum Shangazi. Tuko Muscat, familia nne zenye asili ya Zanzibar. Watoto wanaongea Kiswahili na bibi zao lakini kusoma wanasoma Kiarabu na Kiingereza tu. Hadithi ndefu ya Kiswahili wataiweza?*
Mama, Muscat

Waaleikum salaam bibie. Wataiweza, tena mapema kuliko unavyodhani. Herufi wanazijua tayari kwa Kiingereza, na Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Wakishazoea ng', dh, gh na mengine machache, wanasoma. Maneno yenyewe wanayo masikioni kutoka kwa bibi.

Msianze na kitabu cha sura nyingi. Anzeni na hekaya za Abunuwasi, kila hekaya inajitegemea, na nyingi watoto wenu watazitambua kwa sababu kwa Waarabu husimuliwa kwa jina la Juha. Ile ya sufuria niliyomwandikia mwalimu wa Kilifi ni mojawapo. Mtoto anayejua hadithi inakokwenda haogopi maneno. Mkishazoea, chukueni kitabu chenye sura fupi na mumwombe bibi aliyeko Unguja asome sura moja kwa wiki, airekodi kwenye simu, awatumie. Watoto wafuatishe na kitabu mkononi, kisha wamrudishie kwa sauti zao wenyewe wanachokibishania. Bibi atajibu, hilo nakuhakikishia.

*Shikamoo Shangazi mimi nina miaka 10 niko Ujiji Kigoma. Kwenye klabu yetu kuna mtu anasoma mbele nyumbani halafu anakuja anatuambia mwisho. Tumemwambia aache hataki. Afukuzwe?*

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako ina mwandiko mzuri.

Asifukuzwe. Mtu anayeshindwa kusubiri mpaka Jumamosi ni msomaji mwenzenu, amenogewa tu. Mwambieni mlezi wenu ampe kazi. Kabla hamjaanza sura mpya, kila mmoja wenu aseme anachodhani kitatokea, na yeye ayaandike yote daftarini bila kutikisa kichwa wala kucheka. Akitoa dokezo lolote, hata kwa uso, wiki hiyo daftari linakwenda kwa mwingine. Mkimaliza kitabu, yeye ndiye asome daftari zima kwa sauti. Na muulizeni swali hili ambalo ni yeye peke yake anayeweza kulijibu: ni wapi kwenye hadithi ulipoanza kuujua mwisho, na ni mstari gani uliokuambia? Kisha niandikie alijibu nini, maana nami nataka kujua mnasoma kitabu gani. Hukunitajia.